Dereva wa Picha

Jumatatu, 3 Juni
Ole wangu! Nimewasha kompyuta ya masjala, nikaenda kunywa chai, nikarudi. Kioo bado cheusi! Na Ijumaa mkurugenzi anataka ripoti zenye picha. Atakayempendeza ndiye mkuu mpya wa masjala. Tuko wawili: mimi na Bibi Mihuri, ambaye mashine yake huamka kabla hajaketi. Nikikosa cheo hiki, nitazikwa na majalada yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia fundi. Kaguna, kasema tatizo ni dereva wa picha. Kapitwa na wakati, nimwondoe niweke mpya. Kumbe! Dereva wa ofisi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na kweli kila hafla yeye ndiye mpiga picha. Damu nzito kuliko maji, lakini cheo je? Nimemnong'oneza mkurugenzi kwamba dereva anachelewesha kazi. Kasema hata yeye kachoka kuchelewa. Shemeji kasimamishwa saa hiyo hiyo.

Jumatano, 5 Juni
Mashine bado inajikongoja. Shemeji kahamia sebuleni kwangu. Mke wangu kaapa akimjua mchongezi atamtoa roho. Nimemuunga mkono, nikamwongezea shemeji wali. Fundi kasema mipangilio nayo mibaya: nizime vyote vinavyowaka pamoja na kompyuta asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimezima. Feni, taa, birika, mwisho swichi kuu ya ukutani. Mkurugenzi alikuwa ndani ya lifti. Bibi Mihuri kasimama mlangoni pa lifti akimbembeleza mpaka umeme uliporudi. Mwanamke huyu ana bahati ya mtende!

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwisha. Wakubwa wameketi, mimi nimesimama, kwenye kioo kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu! Mkurugenzi kapiga miayo. Cheo kachukua Bibi Mihuri. Nimelia chooni, maji nimeyafungulia wasinisikie.
Jioni fundi kaja mwenyewe. Nilipomsimulia, kacheka mpaka akashika ukuta. Eti dereva ni programu iliyomo ndani ya mashine, na vile vya kuzima navyo ni programu! Kaweka mpya, ikaamka papo hapo. Sasa ya nini?

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji anakoroma, mke kaninunia. Lakini sikati tamaa. Fundi alipokuwa akiondoka alionya kwamba kumbukumbu zimejaa, nisipofuta za zamani mashine italala tena. Safari hii sikukurupuka. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote alisema kumbukumbu. Hapo nani wa kunifundisha, mtu wa masjala? Nimekuja ofisini peke yangu, nimeyatoa uani majalada yote ya zamani. Yanawaka vizuri.