Sindano ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 19 Mei 2025

Husna, ni zamu yangu kuandika katika daftari letu. Naahidi kukueleza yote, hata ya aibu, kisha daftari lipande basi la Handeni, likufikie.

Kifundo cha mguu kimevimba. Jumamosi ni mbio za kupokezana vijiti. Nisipopona, nafasi yangu anachukua Dorkasi!

Bibi Amne kanipeleka Old Korogwe kwa Mzee Bonaventura, anayetibu kwa sindano za Kichina. Aliuliza kama nimekula, maana mwenye njaa huweza kuzimia. Sindano nyembamba kama unywele. Kumi na moja! Ya kwanza kaichoma kiganjani. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi naumwa mguu. Akasema maumivu yana njia zake, nitulie.

Haikuuma. Kitu kizito kikatembea kutoka kiganjani mpaka mguuni, polepole, kama mwenyeji. Nyuma ya pazia mtu alipumua sambamba nami. Nikabana pumzi. Naye akabana! Mzee akasema kitanda cha nyuma ya pazia hakijalaliwa tangu Ijumaa.

Alizichomoa, akaenda kunawa. Nikaficha moja kwenye upindo wa ushungi, akiba ya Jumamosi. Akarudi, akahesabu. Kumi na moja.

Sasa hii niliyonayo ni ya nani?

Jumanne, 20 Mei

Dorkasi alikuja kunipa pole. Akakaa kwenye mkeka wangu. Nikachechemea kwa makusudi, ili abweteke asifanye mazoezi.

Baada ya magharibi, upindo mtupu! Na giza likiingia kitu hicho hakitajwi jina kwetu, ni mwiko. Nikamwambia Bibi nimeangusha ile ya kushonea. Akatupandisha wote kitandani, miguu juu. Ugali tumeulia hukohuko.

Alhamisi, 22 Mei

Dorkasi anachechemea. Anaapa hajachomwa na chochote. Kitu kizito tu, kilianzia kiganjani. Nilitaka asikimbie, lakini si hivi! Darasani nilibana pumzi, kujaribu tu. Naye Dorkasi akabana.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekimbia. Mguu safi! Nilikuwa wa kwanza, mpaka niliposikia mtu akihema sikioni mwangu. Nikageuka. Hakuna mtu. Kijiti kikadondoka. Tumekuwa wa mwisho. Dorkasi akaniambia kijiti si kaa la moto, shoga, akacheka mpaka akasahau kuchechemea.

Nyumbani nimevua ushungi. Sindano imo kwenye upindo, palepale!

Kumrudishia Mzee siwezi, hesabu yake imetimia. Ila wewe si ulilalamikia jino? Anzia kiganjani. Nimeichomeka hapa, chini ya mstari huu.

Husna, ulipofungua daftari, ilikuwepo? Nijibu kwa basi lilelile linalorudi.