Kufuli la Mlangoni

Kufuli aliposikia wapangaji wakinung'unika kwamba tovuti ya wakala wa nyumba haina hata alama ya usalama, kile kikufuli kidogo kando ya anwani, alinusa ulaji papo hapo. Jina hilo la Kufuli alijibandika mwenyewe. Ufundi wake ulikuwa wa kuokoteza tu. Alikuwa na shati safi na mdomo, na amechoka kulala sebuleni kwa shemeji yake.

Wakala alikuwa bahili wa kuzima feni mgeni akishaketi. Kufuli akamwambia ataifunga tovuti yake isiibiwe, na hataki pesa, ampe tu ile nyumba ya ghorofa ya tatu yenye roshani, akae miaka miwili bure. Bwana huyo, kusikia hatoi hela mfukoni, akakubali kabla chai haijapoa. Kila mmoja aliamini amempata bwege.

Kazi ilikwisha asubuhi moja. Kufuli alifunga ukurasa wa kuingilia tu, pale mtu anapoandika nenosiri. Kurasa nyingine zote aliziacha uchi wa mnyama.

"Na huko ndani?" akauliza binti wa mapokezi, mpwa wa wakala, aliyeiomba nyumba ileile mwaka mzima akaambiwa asubiri.

"Dada, mwizi hupita mlangoni, na mlango nimeufunga. Ukimwona mtu ndani, ujue ni mwenye nenosiri. Hakuna mwingine."

Wakala akamwambia mpwa wake aache kumsumbua mtaalamu.

Mtaalamu! Jioni mtaalamu huyo, kwa kutaka sifa kwa binti, alimnong'oneza kila kitu. Ukishaingia, tovuti inakupa namba, kama tiketi, unayoionyesha kila ukurasa. Kwenye kurasa zisizofungwa, tiketi hiyo inapita hewani wazi. Aliye kwenye waifai hiyohiyo anaiokota, anakuwa wewe, nenosiri hana haja nalo. Alicheka mpaka akapaliwa na chai. Binti akacheka naye, akamwomba amwonyeshe inavyookotwa. Akamwonyesha, tena mara mbili, zuzu yule.

Siku ya kukabidhiwa, Kufuli aliketi palepale mapokezi, mbele ya binti, akaingia kwenye tovuti kwa waifai ya ofisi kuthibitisha nyumba yake. Alizitazama picha za roshani akitabasamu peke yake. Aliporudi kwenye ukurasa wake alikuta maandishi: mpangaji ameikabidhi nyumba, kwa hiari yake, kwa binti wa mapokezi.

Akamvamia wakala ofisini. "Kuna mtu kaingia kwa jina langu!"

"Nenosiri lako nani analo?"

"Mimi tu."

"Basi ni wewe. Si ulisema hakuna mwingine?"

Kwa Kufuli, kusema kweli kulikuwa ni kukiri kwamba kazi yake ni geresha, na wakala asingemwacha atoke salama. Akaapa kwamba kufuli aliloweka ni imara kabisa. Akasema pengine alisahau tu kwamba aliikabidhi nyumba.

Mlangoni binti alikuwa anamsubiri, funguo mkononi.

"Kaka, kama huna haraka, nisaidie kupandisha godoro."

Alilipandisha, ghorofa zote tatu.