Ng'ombe wa Msiba Wangu na Roboti ya Kija

Jumatatu, 7 Juni 2021

Nimeamka. Sikuwa na hakika. Daktari wa hapa Bariadi amesema moyo wangu umechoka, nisipande ngazi. Nyumba yangu haina ngazi. Nilimshukuru.

Naandika haya yasomwe nikishazikwa, si kabla.

Maandalizi ya safari yangu yalikamilika tangu Pasaka. Milembe, mke wangu, ameyasimamia kama mtu anayeoza binti. Sanda iko kabatini. Mbao tano za mninga za kutengenezea jeneza ziko stoo, nyuma ya madebe ya mahindi. Ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji, dume mweusi mwenye nundu, yuko Kimali katika zizi la shemeji yangu Masele, kaka yake Milembe. Kwetu mtu haweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia huku, wa kule wanasalia. Faida nyingine ya desturi hii ni kwamba mke hawaoni kila siku.

Hapo ndipo pa kuungama. Wiki iliyopita nilimpigia Masele, nikamwambia amuuze yule dume mnadani na asimwambie mtu. Aliniomba nirudie. Kisha akasema haya, shemeji. Fedha zilikuja kwa simu siku ya pili, nami nikazitia zote katika roboti ya Kija.

Kija ana duka la simu karibu na stendi. Roboti yake haina mikono wala miguu. Ni programu iliyo ndani ya kompyuta isiyozimwa, inanunua dola na kuuza dola yenyewe, mwenye fedha amelala. Na kulala ndiyo kazi ninayoiweza sasa. Nia yangu ni kwamba ng'ombe mmoja awe wawili kabla sijafa. Mmoja wa msiba. Mwingine wa kumnyamazisha Athanasi, mpinzani wangu wa siku zote.

Jumatano, 9 Juni

Athanasi amekuja kunijulia hali, yaani kula machungwa yangu. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994, mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika, yeye akawa wakala wa mnunuzi binafsi. Tangu hapo hatujawahi kukubaliana hata juu ya mvua.

Yeye haamini roboti. Anamfuata mtu wa Mwanza anayejiita Profesa Bundala. Kwa ada ya kila mwezi, Bundala humtumia ishara kwa simu: nunua sasa, uza sasa. Athanasi anasema mashine haina woga, na asiye na woga atakutia shimoni. Nikamwambia woga alionao yeye unatutosha wawili, maana mwaka ule alikimbia kijiji cha Mwamanyili usiku usiku, wakulima walipokuta jiwe kwenye mizani yake. Akajibu, huku akimenya chungwa, kwamba yeye angalau aliwalipa taslimu.

Nikamsogezea chungwa jingine.

Leo roboti imepata faida. Ishara ya Bundala imepoteza. Nilikula machungwa mawili bila kuumwa popote.

Ijumaa, 11 Juni

Kija amepiga simu. Dola imekwenda upande ambao roboti haikuutarajia, na roboti, badala ya kutoka, inazidi kununua. Nusu ya ng'ombe imekwisha. Akauliza, babu, niizime?

Nikamwambia asubiri malipo ya pili. Akauliza malipo ya pili ni nini. Amezaliwa juzi. Nikamweleza kwamba enzi za ushirika mkulima alipewa kidogo siku ya kupima pamba, na pamba ikishauzwa huko nje alipewa kilichobaki. Bei ya kwanza siku zote huvunja moyo. Mwenye subira ndiye aliyekula. Kija akasema kwenye dola hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia, subiri tu, binti yangu.

Milembe akaingia. Nikaficha simu chini ya blanketi. Akauliza binti yangu ni nani. Nikasema nilikuwa nasali. Akasema nizidishe basi, maana rangi yangu si nzuri. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja chumvi, kwamba atamwita Masele amlete yule dume nyumbani, awe karibu.

Nikamwambia sifi wiki hii. Akasema, baba Scola, hilo hupangi wewe.

Nimelifikiria kila upande. Siwezi kufa. Nikifa watu watakuja, wakija watakaa, wakikaa watauliza nyama.

Jumapili, 13 Juni

Roboti haifanyi kazi Jumamosi wala Jumapili. Kija hajui ni ya dhehebu gani.

Padre amekuja kuniungamisha. Nilimweleza jambo nililolibeba miaka ishirini na saba. Nilipita Mwamanyili nikiwaambia wakulima wasiwauzie akina Athanasi, wakiuzie chama, malipo ya pili yanakuja. Barua ya ofisi ilikuwa mfukoni mwangu. Ilisema hakuna fedha. Mzee Mhoja aliniamini kuliko wote. Alileta pamba yake yote, akapewa robo ya bei na karatasi yenye sahihi yangu. Mwaka uliofuata binti yake, Nyanjige, aliacha shule. Mzee aliitunza ile karatasi mpaka alipokufa. Nilihudhuria msiba. Nilikula nyama.

Nililia kweli. Padre alinishika mkono. Akauliza kama kuna lingine.

Nikasema ni hilo tu.

Akiwa mlangoni nilimwona dume mweusi moyoni mwangu, anatafuna. Lakini padre alikuwa amekwisha kuvaa kofia. Tena Mwamanyili ilikuwa pamba. Hii ni dola.

Jumanne, 15 Juni

Kija amekuja mwenyewe, na kilo moja ya sukari mkononi, kama anavyokwenda mtu kwenye msiba. Nikajua kabla hajakaa. Akasema pole, babu. Roboti imemmaliza ng'ombe mpaka kwato.

Jioni akaja Athanasi kunicheka. Alikaa, akafungua mdomo, kicheko hakikutoka. Bundala amempa ishara tatu mfululizo, zote za shimoni. Pikipiki ya Athanasi, ile aliyomkodishia kijana wa bodaboda, imeuzwa. Akauliza kama kuna machungwa.

Masele ametoka Kimali tangu jana. Milembe anasema yuko njiani na mnyama. Mnyama gani, sikuuliza. Nimejaribu kupona. Nimekula ugali wote, nikatembea mpaka mlangoni. Mtu mzima anayetembea hatarajiwi kuchinjiwa.

Alhamisi, 17 Juni

Asubuhi nimesikia kwato uani. Nikachungulia dirishani. Dume mweusi, nundu ile ile, sikio lile lile lililopasuka. Nilidhani tayari nimekufa na huku nako kuna mifugo.

Masele akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, shemeji, akatazama pembeni. Milembe ndiye aliyeeleza. Ile siku niliyompigia Masele, yeye alimpigia dada yake. Milembe akachukua fedha zake za pamba ya msimu huu, akamtumia kaka yake, kaka yake akanitumia mimi. Ng'ombe hakutoka zizini hata hatua moja.

Kwa hiyo nilichokitia kwenye roboti ni pamba ya Milembe.

Hakupaza sauti. Alisema ng'ombe sasa ni wake, alimnunua kwangu, na nikifa ataamua mwenyewe kama nafaa kuchinjiwa. Kisha akasema, baba Scola, nimelima pamba miaka arobaini na tano, na malipo ya pili niliyopata ni wewe.

Akaenda kupika. Dume amemfunga hapo dirishani kwangu.

Jumamosi, 19 Juni

Siku mbili sijamtazama mtu machoni. Wala ng'ombe. Nimeapa juu ya rozari kwamba dola nimeachana nayo.

Athanasi amekuja na habari. Bundala ameacha kutoa ishara. Anasema binadamu hukosea, sasa anauza roboti. Na Kija ameifuta roboti yake. Anasema mashine ni jinga, sasa anatoa ishara kwa akili yake mwenyewe.

Tumetazamana. Kosa limeonekana wazi. Mimi niliingia upande uliomfaa Athanasi, yeye akaingia upande ulionifaa mimi. Inabidi tubadilishane tu. Mimi nichukue ishara za Kija, yeye achukue roboti ya Bundala. Kinachokosekana ni mtaji.

Ng'ombe haguswi. Tena ananitazama.

Milembe amekwenda mazoezi ya kwaya, harudi kabla ya saa nane. Athanasi amekwenda stoo kuangalia nyuma ya madebe. Amerudi na vumbi magotini. Anasema mbao zote tano zipo, kavu, mninga mtupu, na anamjua fundi wa makabati anayelipa taslimu.

Nimejipima mabega kwa shubiri. Kwa jinsi nilivyokonda, nne zinanitosha.