Mmea wa Maporomokoni Uani kwa Bi Somoe

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Mjomba Romani amefika Mbagala kutoka Tunduru na jiwe langu! Juu yake kuna mmea wa kijani, umeng'ang'ania kama ukoga. Anasema hukua kwenye miamba ya mto, maji yanapokwenda kasi, na hutoa maua. Mama amemuuliza kama kweli amebeba jiwe badala ya korosho. Amejibu kwamba korosho ziko chini ya jiwe. Zimesagika.
Jumatatu ijayo Mwalimu Augustine atachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda maonyesho ya sayansi Dodoma. Mara mbili amekwenda Noela na volkano yake inayotapika povu la magadi. Mimi sijawahi kuchaguliwa hata kufuta ubao. Mmea ukichanua, nakwenda mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Unataka maji ya kasi? Utayapata. Nimeweka jiwe kwenye karai chini ya bomba la uani na kufungua mpaka mwisho. Dakika arobaini! Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, ametoka akiuliza nani anaogesha jiwe. Nimemwamkia. Ameitikia marahaba, funga bomba. Nimemweleza kuwa hii ni sayansi. Amesema sayansi ina mto wake, irudi huko.

Alhamisi, 14 Agosti
Maji yamekatika mtaa mzima tangu jana. Nimelimwagia jiwe kwa kikombe, kutoka juu, haraka haraka, mpaka mkono umekufa ganzi. Ndoo yote. Kumbe yalikuwa maji ya Mama ya kupikia. Tumekula mihogo ya kuchoma na lawama.
Shuleni Noela ameniuliza mbele ya wote, "Eti shoga, jiwe lako limeshaota miguu?" Darasa zima limecheka. Hata Isack, ambaye utani humfikia kesho yake.

Jumamosi, 16 Agosti
Maji bado. Mmea umekuwa wa kahawia, umejaa vipele. Umekufa. Nimelia dakika kumi, kisha nikafua soksi kwa maji ya kuazima. Jiwe nimelitupa mlangoni mwa bafu la uani. Sitaki kuliona.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimekwenda mikono mitupu. Mwalimu ameuliza jiwe liko wapi, nimemwambia lilikauka likafa. Ameweka chaki chini. Amesema mmea ule huficha machipukizi ya maua ukiwa ndani ya maji, na huchanua maji yakipungua, ukibaki kwenye hewa. Vile vipele ndivyo maua yenyewe! Amesema, "Eufrazia, kimbia. Ukirudi nalo kabla ya saa nane, nitalitazama."
Nimekimbia kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa.
Maji yalikuwa yamerudi. Bi Somoe alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu, akisugua visigino kwa jiwe langu. Nimesema shikamoo huku machozi yananitoka. Ameitikia marahaba mwanangu, jiwe zuri hili, ila asubuhi lilikuwa na viua vidogo vyeupe, vinakera. Amevisugua vyote. Ameomba nimwambie Mjomba amletee lingine, na mdogo wake Mwamvita naye apate.
Visigino vyake vinang'aa kama vya bi harusi.
Saa nane Noela amechaguliwa. Amenikumbatia na kuniahidi kuniletea zabibu. Sizitaki.

Jumanne, 19 Agosti
Nimefikiri usiku kucha. Kosa lilikuwa moja tu: maji yalikatika. Mwalimu anang'ang'ania habari yake ya hewa, lakini Mwalimu hajawahi kufika Tunduru. Leo nimempigia Mjomba alete jiwe kubwa zaidi kabla ya maonyesho ya mwakani. Mama hajui bado, ila pipa lake la bluu linatosha kabisa. Safari hii mmea wangu hautakaa nje ya maji hata dakika moja.