Mdalasini Kwenye Sanduku la Kura

Jumatano, 27 Machi 1872

Sijalala. Uchaguzi wa diwani wa Kata ya Nne ni Jumatatu. Mimi, Lemuel Tibbets, mtunza mizani ya nyasi ya mji wa Port Clement, Ohio, nina miaka sita kwenye kazi hii, na kila diwani mpya huja na watu wake. Wa zamani hufagiwa nje kama maganda ya viazi. Kibanda changu! Jiko langu la chuma! Kiti changu chenye mto! Mkulima anapandisha gari lake la nyasi kwenye mizani, nasoma namba kupitia dirishani, naandika, narudi kwenye joto. Mji mzima hauna kazi tamu kama hii.

Anayeimezea mate ni Ephraim Crouse, mtunza zizi la nguruwe wazururaji. Leo amepita mara mbili. Mara ya pili alipima dirisha langu kwa kamba. Nilipomuuliza anapima nini, akasema pazia, maana haya yangu yamechakaa. Mshenzi!

Halafu Diwani Corrigan mwenyewe. Bartley Corrigan, kapteni wa zamani wa wazima moto, mikono kama makasia. Alinishika bega sokoni, bega likalia. Akauliza, "Lem, Jumatatu tuko pamoja, au sivyo?" Nikaapa. Niliapa kwa kaburi la mama. Mwaka juzi mkaguzi wa taa za barabarani alimpigia kura mpinzani wake. Walimtoa mferejini kwa upondo wa mashua. Yu hai, ila hataki tena kuoga.

Ijumaa, 29 Machi

Balaa. Leo amekuja mgombea wa pili, August Dieckmann, mwenye kiwanda cha bia. Kofia mkononi, sauti ya chini. Watu wapole hunitisha kuliko wakali. Alisema amesikia kuwa mimi ni mtu wa busara, na kwamba wenye busara hubaki vitini mwao. Nikaapa tena. Kaburi la mama halipumziki.

Shida ni karatasi. Kila upande huchapisha karatasi zake za kura: za Corrigan ni buluu, za Dieckmann ni njano. Na desturi ya hapa ni moja. Mwanamume huingia mlangoni mwa ukumbi wa kura ameinua karatasi juu, apite katikati, watu wa Corrigan kushoto, wa Dieckmann kulia, mpaka kwenye sanduku la kioo. Anayeificha huonekana msaliti wa wote wawili.

Nimefikiria kuugua. Dada yangu Keziah, mjane ninayeishi naye, akasema niliugua mwaka jana na mwaka juzi, na kwamba hajawahi kuona homa inayojua kusoma kalenda. Ana ulimi huyu!

Jumapili, 31 Machi

Nimepata!

Nilikuwa kanisani. Mchungaji alikuwa akihubiri juu ya kutumikia mabwana wawili, mimi natetemeka tu, mara nikaona shali ya mke wa fundi viatu mbele yangu. Nje buluu. Ndani njano. Karibu nipige kelele.

Nitabandika karatasi mbili ziwe moja! Buluu itazame kushoto, njano itazame kulia. Kila mtu ataona anachotaka kuona. Kura yenyewe itakuwa ya nani? Sijui, na sijali. Kiti ni changu.

Gundi hakuna, na Jumapili maduka yamefungwa. Nikachota unga uliokorogwa ambao Keziah alikuwa ameuacha bakulini alipotengeneza maandazi ya matufaha. Unanata ajabu. Nimezikandamiza chini ya Biblia kubwa ya baba.

Jumatatu, 1 Aprili

Lazima niandike yote.

Asubuhi mvua. Nikaingia nimeinua karatasi. Kushoto wakashangilia. Kulia wakashangilia. Sijawahi kushangiliwa na pande zote mbili, hata siku ya ubatizo wangu! Crouse alikuwa nyuma yangu. Akauliza mbona karatasi yangu nene hivyo. Nikamwambia imelowa. Nikaikunja mara nne, nikampa msimamizi wa kura, mzee Hosea Pettibone, fundi viatu. Akaitumbukiza. Nikapumua.

Saa kumi alasiri milango ikafungwa, kura zikaanza kuhesabiwa, sote tukitazama. Sanduku lilikuwa limekaa kutwa kando ya jiko. Sikuwa nimefikiria jiko. Unga ukikauka hubanduka.

Majina yaliyoandikwa kitabuni: mia nne na kumi na moja. Karatasi: mia nne na kumi na mbili! Mia mbili na sita za buluu, mia mbili na sita za njano.

Sheria ni hii: karatasi ikizidi, zote zinarudishwa, zinachanganywa, msimamizi anafungwa kitambaa machoni, anachomoa moja, inachomwa moto. Pettibone akachomoa. Buluu.

Corrigan ameshindwa kwa kura moja.

Aliziparua zile karatasi kama kuku anayetafuta punje. Akapata mbili zenye makombo mgongoni, moja buluu, moja njano. Pettibone, mwenye pua ndefu kuliko kisigino cha buti, akazinusa, akasema, "Mdalasini huu, jamani! Mtu kazibandika hizi!"

Corrigan akasema taratibu kwamba atakayenuka mdalasini atalala mferejini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikarudi nyuma kimyakimya. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeoga mara tatu. Keziah ameuliza kama naoa.

Mchana Corrigan akaja kibandani. Nilidhani ndio mwisho. Nilikuwa nimeshika chuma cha kuchochea moto wa jiko. Kumbe amekuja kuniomba msaada! Alisema kila gari na kila mtu wa kata hupita kwenye mizani yangu, kwa hiyo nimtafutie mbaya wake. Ananiamini, asema. Mwenyewe aliiona buluu yangu.

Akanipa mpaka Alhamisi. Akakaa kidogo, akanusa hewa, akauliza nimekula nini. Nikasema kitunguu. Ikabidi nile kitunguu kibichi mbele yake. Kizima.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo lazima mtu apatikane. Nimempata. Crouse!

Sioni dhambi hapa. Amepima dirisha langu. Asubuhi nikachukua maandazi sita ya Keziah, ya mdalasini mwingi, nikampelekea zizini, nikasema tusahau ya nyuma. Mjinga huyo akafurahi, macho yakamlengalenga. Akasema hakuna aliyewahi kumletea kitu zizini isipokuwa nguruwe. Moyo ukanichoma kidogo. Nikampigapiga kifuani kwa upendo, viganja vyangu vimejaa makombo, mpaka koti lake likanukia kama duka la viungo. Kisha nikaenda kwa Corrigan, nikamwambia anuse.

Akaja na watu wawili. Nilijificha nyuma ya pipa la maji.

Corrigan akamnusa Crouse kola, akanguruma, "Ni wewe!" Crouse hakujua ni yeye kwa lipi. Lakini alijua mikono ile. Akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, mgongo ukagonga komeo la lango, lango likafunguka. Nguruwe arobaini! Wiki nzima walikuwa ndani, na mfereji uko hatua kumi tu. Walipita kama treni. Watu wawili wakaruka uzio. Corrigan hakuruka.

Nilimwona akitumbukia. Maji yaliruka mpaka kwenye pipa langu. Walimtoa kwa upondo wa mashua.

Nimekimbia mpaka nyumbani. Nimefunga mlango, nimeweka kabati mbele yake. Keziah yuko nje, anataka kuingia.

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuna aliyekuja kuniua. Corrigan ana mafua, amelala. Amenitumia salamu, eti mimi ndiye rafiki pekee aliyebaki. Crouse ametoroka, yuko kwa shangazi yake ng'ambo ya mto.

Nimewaza. Corrigan hana mashaka nami. Crouse hatarudi. Dieckmann aliiona njano yangu. Kiti kimebaki! Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Nimenunua pazia jipya la dirisha la mizani, jekundu, lenye shada.

Jumatatu, 8 Aprili

Naandika polepole maana sijielewi.

Leo Diwani Dieckmann ameapishwa. Ukumbi ulifurika. Baada ya kiapo akasimama kugawa kazi. Akasema ushindi wake una mwenyewe. Kuna mtu mmoja, asiye na makuu, aliyebuni hila ya karatasi mbili, akamwangusha Corrigan kwenye sanduku, na kama hiyo haikutosha, akamwangusha mferejini kwa nguruwe. Mji mzima unalijua jina lake.

Ephraim Crouse!

Wakamleta mabegani. Alikuwa amefuatwa ng'ambo ya mto kwa gari la bia. Alikuwa akikana, maskini, analia kwamba hajui lolote, na kadiri alivyokana ndivyo walivyousifu unyenyekevu wake. Dieckmann akamkabidhi ufunguo. Ufunguo wangu! Wa kibanda changu!

Nikasimama. Kweli nikasimama, nikasema, "Mheshimiwa!" Kichwa kizima cha maneno kilikuwa tayari: ni mimi, ni unga wetu, ni mkono huu. Ukumbi ukageuka. Dieckmann akaniuliza kwa upole nina neno gani.

Ndipo nikasikia mtu anapiga chafya. Corrigan alikuwa kwenye kiti cha mwisho, blanketi mabegani, ananitazama kwa macho ya rafiki. Mikono ile ilikuwa juu ya magoti.

Nikasema nampongeza Bwana Crouse.

Watu wakapiga makofi. Dieckmann akasema hakika mimi ni mtu wa busara, na kwa kuwa zizi la nguruwe sasa liko wazi, nilichukue mimi. Crouse akanikumbatia mlangoni, akalia begani kwangu, akasema hatasahau maandazi yale. Kisha akauliza kama lile pazia jekundu litabaki.

Nimemwachia pazia.

Jumatano, 10 Aprili

Zizini. Hakuna jiko. Hakuna kiti, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Nguruwe mmoja amekula kofia yangu, na nadhani ni yule aliyemsukuma Corrigan, kwa hiyo sijamwambia kitu.

Keziah ameniletea chakula. Akasema mshika mbili moja humponyoka, na kwamba laiti ningeingia na karatasi moja, yoyote, leo nisingekuwa nikinuka hivi. Nikamwambia yeye ni mwanamke, hapigi kura, hajui hofu ya mlango ule. Akasema afadhali.

Hata hivyo nimepata habari. Mwakani hakutakuwa na pande mbili, kutakuwa na tatu. Wapinga pombe wameshachagua mtu wao, na karatasi zao zitakuwa za kijani. Wanasema wakishinda wanamtaka mtunza mizani asiyekunywa. Mimi sinywi! Huwa naogopa kulewa.

Nimekata vipande vitatu vya gazeti kujaribu. Buluu kushoto, njano kulia, kijani itakunjwa pembeni itazame mbele. Inawezekana kabisa. Nimemwambia Keziah anikorogee unga mzito zaidi.

Na usiwe na mdalasini. Kosa langu lote lilikuwa pale.