Kumpita Mzee Lindquist Kabla ya Colorado

Jumanne, 11 Juni
Siku ya ishirini na tatu juu ya baiskeli kuelekea magharibi, na bado ni Kansas. Upepo wa mbele tangu asubuhi. Nimefika Plum Hollow jioni, magoti yakiwaka moto. Mzee Orval Lindquist, anayesafiri njia hii hii kwa baiskeli, alikuwa ameshafika. Tena ameshaoga. Ana miaka sabini na minne na goti moja la chuma, lakini kila mji ananitangulia na kujitwalia kochi la ukumbi wa kanisa tunamolala. Mimi sakafuni. Akaniuliza kwa upole kama nilipotea njia. Nikamjibu kwamba nilikuwa naangalia ngano.
Kesho naondoka alfajiri, kabla hajaamka.

Jumatano, 12 Juni
Nimeondoka bila hata kahawa. Maajabu: upepo mgongoni, baiskeli inateleza yenyewe. Hatimaye miguu imekubali. Maili kumi na tisa kwa saa moja! Jua lilinichoma machoni njia nzima, nikavumilia. Nikasimama kwenye duka la vyakula vya mifugo kununua soda. Mama wa dukani akanikazia macho. “Wewe si yule wa jana?” Nikasema amenifananisha. Akasema hapana, jana nilinunua soda hii hii na kuulalamikia upepo huu huu.
Nilikuwa narudi mashariki.
Kurudi Plum Hollow kulinichukua muda wa saa nne na nusu. Mzee ameshakwenda. Ameniachia ujumbe kwa mchungaji: kochi liko wazi. Lina springi iliyochomoza katikati.

Alhamisi, 13 Juni
Lazima nimfikie. Ila nilimwapia mke wangu, Bernadine, kwamba nitavuka Amerika kwa nguvu za miguu yangu, kila maili. Kwa hiyo sikupanda gari. Nililala tu ndani ya pikapu ya Bi Darlene Schmucker, mfugaji, chini ya turubai, katikati ya nguruwe wawili. Kulala si kupanda.
Baada ya maili hamsini gari likasimama. Nikamsikia Darlene: “Vipi mzee, pancha?” Sauti ninayoijua ikajibu kwamba ameshaziba, asante. “Panda basi, nyuma nimeshambeba mwenzio.” Akafunua turubai.
Nguruwe mmoja akapiga chafya. Mzee akanitazama. “Vernon,” akasema, “umepauka. Umekunywa maji leo?” Akakataa lifti, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Nilitamani nguruwe wanilalie.

Ijumaa, 14 Juni
Chakula cha jioni kanisani, mji wa Odessa Flats. Akina mama wakataka kujua nimewezaje kupiga safari ya siku mbili kwa siku moja. Nikafungua mdomo. Mzee akaniwahi: akawaambia mimi ni ngangari, watu hawanijui tu. Akanikatia pai ya cheri, kipande kikubwa kuliko chake. Kisha akasema kuanzia kesho tuendeshe pamoja, yeye mbele, anikinge upepo mpaka Colorado.
Nikajifuta macho kwa leso ya mezani. Nikasingizia pai ni ya moto.

Jumamosi, 15 Juni
Nimelitafakari jambo hili wakati wa kupiga mswaki. Hakuna mtu mwema kiasi kile bure. Ni wazi mzee ananiogopa.
Ramani inaonyesha njia ya mkato yenye mstari wa nukta nukta. Inapita katikati ya kitu cha buluu, lakini ni kiangazi, lazima kimekauka. Nimemwambia atangulie, nakuja baada ya dakika tano.