Ombi la Kuongezewa Marejesho ya Hasara na Kumzuia Mama Mkwe Asishinde Tena

Karakana ya Sofa,
Nyuma ya Soko la Mbao.

Kwa Meneja wa Kasino,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya duka la vitanda.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na mashine zako. Hatujawahi kupeana mikono, lakini unanijua. Ni mimi yule fundi sofa wa kiti cha tatu kwenye meza ya gurudumu la namba nyekundu na nyeusi. Springi za kiti hicho nilizitengeneza mwenyewe bila kukudai senti, kwa kuwa nakikalia kuliko ninavyovikalia vya nyumbani kwangu.

Nakuandikia kwa heshima kuhusu mpango wenu wa kumrudishia mteja sehemu moja ya kumi ya hasara yake kila wiki. Sina ugomvi na mpango wenyewe. Siku tangazo lake lilipoingia kwenye simu yangu, nilimfuata mke wangu jikoni mbio, nikamwambia, "Mama watoto, hawa watu wamekwisha! Wanamlipa mtu akishindwa!" Yeye akaendelea kusugua sufuria. Tangu hapo nimekuwa nikipoteza kwa bidii, maana anayepoteza zaidi ndiye anayerudishiwa zaidi, na hilo halihitaji shule. Hata hivyo, yamenifika mambo ambayo nikiyanyamazia nitapasuka.

1. Marejesho hayaji kama pesa. Yanakuja kama visarafu vyenu vya plastiki, ambavyo mtu haruhusiwi kuvibadilisha mpaka avichezee mara ishirini. Nilijaribu kumlipa navyo muuza sponji. Akakigeuza kimoja, akaniuliza, "Fundi, hivi ni vifungo vya koti?" Nikamweleza kuwa ni pesa, ila bado haijaiva. Sasa sponji ananiuzia kwa kulipa kwanza. Naomba mumwandikie barua ya kumwelimisha.

2. Mwezi uliopita mlinishindisha bila idhini yangu. Nilikuwa nimekwisha kupoteza vya kutosha, marejesho yamenona, mara mchezeshaji wenu, yule anayezungusha gurudumu, akauangusha mpira kwenye namba yangu mara mbili mfululizo. Hasara yote ikafutika. Nilipokwenda dirishani kudai changu, dada wa dirishani akanijibu kwa tabasamu, "Mzee, wiki hii hukupoteza kitu. Huna marejesho." Yaani kwa uzembe wa mfanyakazi mmoja, haki ya mtu inapotea! Wiki iliyofuata ilinibidi nipoteze maradufu ili kufidia. Nilifaulu, lakini kwa jasho.

3. Suala la mama mkwe. Huyu mama alikuja kwenu mchana mmoja, mkoba kwapani, kunichukua niende kwenye kikao cha familia. Kikao chenyewe kilikuwa kunihusu mimi, baada ya kuiuza cherehani yangu ya kushonea vitambaa vya sofa. Nilimwomba asubiri kidogo. Alisubiri kwa adabu, kisha akamuuliza mchezeshaji, "Baba, nikikosa mnanirudishia sehemu ya kumi?" Akaambiwa ndivyo. "Na nikipata, mnanikata sehemu ya kumi?" Akaambiwa hapana. Akafungua mkoba, akatoa pesa za mchango wa kikoba chake cha akiba, zote, akaziweka kwenye nyekundu. Gurudumu likazunguka, likatulia kwenye nyekundu.

Vijana wenu wakamzunguka. "Mama, bahati imekupenda, ongeza!" Akasema, "Nilikuja kumchukua mkwe, sikuja kukaa." Akanitazama. Nikamwambia mizunguko miwili tu, mama, nakuja. Akaondoka peke yake.

Ndugu Meneja, mtu wa namna hii anawaharibia biashara. Anakuja mara moja, anacheza mara moja, anakwenda zake! Sisi tunaolipia taa zenu, mazulia yenu na hiyo soda ya bure tutajisikiaje? Naomba mlango uwe na sheria: anayeingia asitoke kabla hajapoteza kiasi cha heshima.

4. Nilipomlalamikia mchezeshaji huyo alipokuwa akinywa chai kwenye ngazi, badala ya kunifariji alinifundisha. Alisema, "Mzee, ile sufuri ya kijani, ambayo mpira ukitua hapo nyekundu na nyeusi zote zinakosa, inawala kidogo katika kila mzunguko. Ukicheza mara moja ukaondoka, ile sehemu ya kumi inaizidi nguvu sufuri, na hapo mwenye faida ni wewe. Lakini wewe hucheza kutwa. Sufuri inakula kutwa, marejesho yanakuja mara moja. Hapo unarudishiwa kipande cha mkate ulioibiwa." Nilimuuliza kwa nini basi mnatangaza mpango unaomfaidi mteja. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kwa sababu tunawajua. Hamwondoki." Kijana huyu hana staha kwa wateja. Apewe onyo.

5. Mpango wenu ni finyu. Mnahesabu pesa tu, kana kwamba pesa ndiyo pekee niliyoipoteza humo ndani. Mama mkwe aliikomboa ile cherehani kwa ushindi wake, akaipeleka kwake. Mke wangu akaifuata. Sasa anashona foronya na vitambaa vya sofa barazani kwa mama yake, na wateja wangu wamehamia huko. Nasikia mishono yake imenyooka kuliko yangu.

Kwa kanuni yenu, nilipaswa kurudishiwa sehemu moja ya kumi ya mke. Nakiri kwamba alirudi Jumapili moja, akakaa muda wa kutosha kuchukua pasi na sare za watoto. Nilimwambia, "Mama watoto, kaa basi unywe chai." Akasema, "Chai ipo?" Haikuwepo. Kama hayo ndiyo marejesho, hayatoshi.

Kwa hiyo naomba: marejesho yapande hadi nusu ya hasara, yahusu pia wake, zana za kazi, wateja na usingizi, na aliyepoteza vyote atambuliwe rasmi kama mbia wa kampuni, mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka. Kiti nitakitengeneza mwenyewe.

Nisalimie bawabu, ambaye siku hizi ndiye mtu pekee anayeniuliza nimeamkaje. Nisalimie dada wa dirishani na tabasamu lake. Nisalimie na familia yako, ambayo naamini haijawahi kukanyaga humo.

Ni mimi mteja wako mtiifu katika kupoteza,

Fundi Sofa

Tanbihi: Nimetoka kupigiwa simu na binti yangu mdogo. Ameuliza kama nitakwenda kuwaona Jumamosi, nikamjibu nitakwenda, kisha nikaichukua tena kalamu. Tafadhali futa yote niliyoyaandika hapo juu. Naomba kitu kimoja tu: picha yangu ibandikwe mlangoni, na bawabu aamriwe asiniruhusu kuingia, hata nikilia, hata nikimtukana, hata nikimwonyesha barua hii. Amri hiyo ianze keshokutwa. Kesho nina shughuli ndogo humo ndani.